Uchambuzi wa kisa: gari dogo la bei nafuu kwa safari ya kila siku, Mbeya hadi Vwawa

Usuli

Kazi yangu ni kukagua magari ya mtumba kwa niaba ya wanunuzi kabla hawajatoa hela. Kisa hiki kinamhusu mtumishi wa umma mmoja ambaye nitamtaja kwa herufi tu, Bi. M. Ofisi yake, namba za magari na majina ya wauzaji nimeyaacha makusudi.

Bi. M. anaishi upande wa Iyunga, Mbeya, na mume wake na watoto wawili. Alihamishiwa Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwanza alipanga chumba Vwawa akawa anarudi nyumbani kila Ijumaa. Mtoto mdogo akaanza kuuguaugua, dada wa kazi akaondoka bila kuaga, na mpango wa chumba ukafa. Akahamia kwenye Coaster za Tunduma. Coaster haitoki mpaka ijae, na ikishatoka inasimama Mbalizi, inasimama Songwe ya uwanja wa ndege, inasimama Mlowo, na popote mtu atakaponyoosha mkono. Alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi watoto wameshalala.

Ndipo akaja kwangu na shilingi milioni 10, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa SACCOS. Ombi lake lilikuwa la maneno machache: "Kaka, nataka kigari kisichokula mafuta."

Kuagiza Japani tulikupigia hesabu mapema tukakuacha. Gari dogo linaonekana rahisi kule mnadani, lakini likifika bandarini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, na likiwa limevuka miaka minane kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kiko wazi mtandaoni, kila mtu anaweza kuona mwenyewe jinsi kodi inavyoweza kuikaribia bei ya gari lenyewe. Milioni 10 haikufika. Ikabaki kununua la hapa hapa, lililokwisha kusajiliwa.

Barabara yenyewe

Kutoka Mbeya hadi Vwawa ni karibu kilomita 70. Kwa siku za kazi 22 kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa mwezi. Hiyo si matumizi ya gari la kupeleka watoto shule na kwenda Mwanjelwa sokoni. Ndani ya miezi saba au minane linakula kilomita ambazo gari la kawaida la mjini linazikusanya kwa miaka miwili.

Na si barabara ya tambarare. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi unashuka mteremko wa Iwambi mpaka Mbalizi, unaendelea hadi bonde la Songwe kwenye uwanja wa ndege, halafu unaanza kupanda Senjele kuelekea Mlowo na Vwawa. Jioni ni kinyume chake: unashuka Senjele umechoka, na kupanda Iwambi giza likiingia. Ni njia kuu ya mizigo ya Zambia na Kongo. Lori lenye trela linaruhusiwa kufika tani 56, na likiwa limejaa linapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Sehemu kubwa ya barabara ni ya njia moja kwenda na moja kurudi. Malori matatu yakifuatana, mwenye gari dogo ana mambo mawili: kuvumilia moshi, au kuovateki.

Iwambi na Senjele zimeua watu. Kila dereva wa huku anajua, kwa hiyo sitarefusha. Ninachotaka kionekane ni kwamba swali la "linakula kiasi gani" haliwezi kujibiwa bila barabara hii kuwa mezani.

Magari yaliyofikiriwa

Dalali alimletea Toyota Vitz ya toleo la pili, injini ya cc 1,000, silinda tatu, namba D (usajili unaoanza na herufi D, wa kabla ya E), kwa milioni 8.3. "Dada, hii hainywi mafuta, inanusa tu." Alimwambia lita moja inakwenda kilomita 20. Bi. M. akaipenda palepale: safi ndani, redio inafanya kazi, rangi ya fedha.

La pili lilikuwa Starlet ya zamani, bei ya chini kuliko yote, chini ya milioni 6. Starlet ni gari gumu na kila fundi wa Mbeya anaifahamu kwa macho yaliyofumbwa. Lakini hata zile za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1999. Kwa kilomita 3,000 za mwezi, ungekuwa unanunua kazi ya gereji pamoja na gari. Tuliiondoa bila hata kwenda kuiona.

Passo ilitajwa. Kwa kuwa ya cc 1,000 inatumia injini ileile ya Vitz, haikuleta jambo jipya.

Nikapendekeza aangalie pia Toyota IST ya cc 1,300. Hakufurahi. IST hapa kwetu ina jina la kula mafuta, na bei yake ilikuwa inaanzia milioni 9 kwa namba D iliyotunzwa. Kwenye karatasi hoja yake ilikuwa sahihi, lakini mlima unataka nguvu. Uzito wa magari hayo mawili haupishani sana, tofauti iko kwenye injini: ile ya Vitz ina nguvu za farasi 71, ile ya IST 87. Na injini isiyo na tabo (turbo, kile kisukuma hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa inapungua. Kwa hiyo ile 71 ya kitabuni, kwa mwinuko wa Mbeya inabaki kama 59. Ongeza watu wazima wanne na mabegi yao, kwa sababu mpango wa Bi. M. tangu mwanzo ulikuwa kubeba wenzake watatu wa ofisini wachangie mafuta.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Mtu anayesafiri peke yake na mtu anayebeba wanne hawanunui gari moja, hata kama bajeti yao ni ileile.

Siku ya majaribio

Wauzaji wengi watakupa gari ulizungushe mtaani. Nilishikilia kwamba lijaribiwe Iwambi, kutoka Mbalizi kupanda, likiwa na watu wanne ndani. Dalali alinuna, kisha akakubali baada ya kuahidiwa mafuta.

Hatukuovateki mtu. Tulitafuta kipande cha wazi, barabara tupu, tukapima jambo moja: kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, mguu chini, mlimani. Vitz ilichukua karibu sekunde 20. Injini ilipiga kelele za kutosha, sindano ikawa inajivuta. Baadaye IST, mahali palepale na watu walewale, ilichukua kama sekunde 13.

Bi. M. aliona sekunde saba si kitu. Nikamweka kwenye upande wa pili wa barabara: gari linaloshuka kwa kilomita 80 kwa saa, ndani ya sekunde saba linakuwa limekusogelea zaidi ya mita 150. Alinyamaza mpaka tulipofika Iyunga.

IST tulizokagua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilivutia kwa bei. Nilichomoa kijiti cha oili ya gia boksi nikakifuta kwenye karatasi nyeupe: rangi ya kahawa, harufu ya kuungua. Gia boksi ya otomatiki ikifikia hapo mlima utaimaliza, na ukiibadilisha faida yote ya bei imekwisha. Pia dashibodi ilionyesha kilomita 98,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia. Kilomita zilikuwa zimerudishwa nyuma, na haikuhitaji kompyuta kulijua hilo.

Ya pili ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Oili ya gia nyekundu, rejeta haivuji, mfuniko wa oili ya injini hauna lile tope la rangi ya maziwa linaloashiria gasketi ya silinda hedi. Kasoro nilizoandika kwenye ripoti zilikuwa tatu. Matairi yote manne yalikuwa na kashata (ile mikato ya juu ya tairi) nzuri, lakini yalikuwa ya zamani: tarakimu nne ubavuni zilisomeka 3111, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2011. Breki pedi za mbele zilikuwa zimebaki kidogo. Na thamostati, kifaa kinachotunza joto la injini, ilikuwa imetolewa, mtindo wa mafundi wetu kila gari linapochemsha mara moja.

Uamuzi na sababu zake

Bi. M. alichukua IST ya pili kwa milioni 8.9, baada ya mwalimu kupunguza kidogo kwa ajili ya matairi. Sababu aliyoitoa yeye mwenyewe ni ile ya sekunde saba. Sababu yangu ilikuwa hiyo pamoja na gia boksi nzima, kitu ambacho huwezi kukinunua kwa urahisi baadaye.

Kadi ilibadilishwa jina TRA wiki hiyohiyo, na ada zake zikalipwa. Bima akakata ndogo, ile ya kulipia madhara kwa watu wengine tu, 118,000 kwa mwaka. Ikabaki chini ya laki tisa.

Hapa familia ilitofautiana na ripoti. Nilishauri matairi manne mapya, pedi na thamostati kabla ya safari ya kwanza. Mume wake, kwa nia njema kabisa, aliona hela hiyo ibaki kwa dharura. Wakabadilisha pedi, wakanunua matairi mawili ya mtumba yakawekwa nyuma, yale mawili mazuri zaidi ya 2011 yakabaki mbele, na thamostati ikasogezwa "mwezi ujao".

Miezi iliyofuata

Mwezi wa kwanza alinipigia simu amekasirika. Alikuwa anapata kilomita 12 kwa lita. Petroli Mbeya wakati huo ilikuwa inacheza kwenye 3,200, na hesabu yake ilikuwa ya kilomita 20 za dalali. Nilimuuliza kuhusu hita. Akasema asubuhi za Juni, na baridi ile ya Mbeya, hita inapuliza hewa ya uvuguvugu tu hata baada ya kupita Songwe. Hiyo ilikuwa thamostati. Bila hiyo injini haipati joto lake kwenye baridi, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kama vile gari limewashwa sasa hivi. Ikarudishwa, kwa gharama ndogo kuliko tenki moja la mafuta. Vipimo vilivyofuata vikatulia kwenye 14. Alipima kwa njia ya kawaida: kujaza tenki mpaka pampu ikate, kurudisha tripu sifuri, kujaza tena pampu ileile, kisha kugawanya kilomita kwa lita.

Mwezi wa tatu, jioni, akishuka Senjele, tairi moja la mtumba la nyuma lilibanduka ngozi. Sauti ilianza kama mtu anapiga debe chini ya gari. Alikuwa kwenye gia namba 2, mwendo mdogo, nyuma ya lori, akatoka pembeni salama. Tairi la spea lilikuwa halina upepo. Walikaa pale watu wanne na pembetatu moja mpaka mwenye pikipiki alipolichukua kulijaza na kulirudisha. Wiki hiyohiyo matairi manne mapya yalinunuliwa, kwa mkopo mwingine mdogo.

Michango nayo ikaleta yake. Wenzake watatu walikuwa wanatoa 150,000 kila mmoja kwa mwezi, nafuu kuliko Coaster ambayo kwenda na kurudi ilikuwa karibu 8,000 kwa siku. Mmoja akahamishwa. Mwingine akawa analipa nusu, akisema wiki nzima alikuwa semina. Halafu pale Mbalizi trafiki akalisimamisha gari akidhani ni mchomoko, yaani gari dogo la binafsi linalobeba abiria kwa nauli, akawauliza abiria mmoja mmoja wanalipa shilingi ngapi. Mmoja akajibu kwa uaminifu wote. Waliachiwa kwa onyo, lakini lile onyo lilifungua jambo kubwa kuliko faini: gari lenye bima ya binafsi likibeba watu kwa malipo, kampuni ya bima ina mwanya wa kukataa kulipa siku ya ajali.

Suluhisho lilitoka ofisini kwao. Mfanyakazi mwenzake alikuwa na Vitz ya cc 1,000. Wakakubaliana kupokezana: wiki hii gari la Bi. M., wiki ijayo Vitz, hakuna hela inayopita mkononi. Abiria ni walewale.

Uchambuzi

Kupokezana huko kulitupa kitu ambacho mkaguzi hapati mara nyingi, magari mawili kwenye barabara moja na mzigo uleule. Vitz ilipata kilomita 15.5 kwa lita, IST 14. Kwa mwezi mzima wa kilomita 3,080 hiyo ni kama lita 21, karibu shilingi 68,000. Vitz inashinda, sitaficha. Lakini tofauti aliyokuwa anaihofia Bi. M. ilikuwa mara tatu ya hiyo na zaidi. Injini ndogo inayokanyagwa mpaka mwisho kila mlima haibaki kuwa ya kunusa mafuta. Ile 20 ya dalali inawezekana kwa mtu mmoja, tambarare, mwendo wa 70, bila kuwasha kiyoyozi. Siijui barabara ya namna hiyo kati ya Iyunga na Vwawa.

Je, 68,000 kwa mwezi ni bei halali ya sekunde saba? Kwa mtu wa peke yake, anayetoka alfajiri malori bado yameegeshwa na asiye na haraka ya kurudi, ningesema hapana, achukue Vitz na akae nyuma ya lori kwa amani. Kwa watu wanne jioni ya Desemba, mvua inanyesha na ukungu umeshuka Iwambi, ningesema ndiyo. Mwenye Vitz anasema wiki zake haovateki kabisa mlimani, na wanafika nyumbani dakika ishirini baadaye. Huo nao ni uamuzi wa akili, mradi abiria wote wameukubali.

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kujaribu gari kwenye barabara yake na mzigo wake. Kuzunguka mtaa mara mbili kungemuuzia Vitz siku ya kwanza. Kukagua gia boksi kwa karatasi nyeupe kulikuwa kwa bure na kulimwokoa na IST ya kwanza.

Kilichoharibika ni bajeti, na iliharibika kwa sababu matairi yalihesabiwa kama urembo. Kwa mwendo wa kilomita 3,000 kwa mwezi kwenye miteremko hii, bei ya gari ni bei ya kununulia pamoja na matairi, pedi, oili ya injini na oili ya gia ya siku ya kwanza. Kwa milioni 10 zake, Bi. M. angenunua gari la milioni 8.5, si la 8.9, angelala vizuri zaidi. Akiba ya dharura ambayo mume wake aliitunza iliishia kununua vitu vilevile, baada ya Senjele. Spea nayo ilisahauliwa na kila mtu pale nyumbani, ingawa kuijaza upepo ni kazi ya dakika tano.

Michango ya mafuta haikupaswa kuingia kwenye hesabu ya kulipia mkopo. Ilikuwa ikipanda na kushuka kila mwezi, na SACCOS haisubiri semina ya mtu.

Faini zilikuwepo pia: mara mbili alipigwa tochi (kipima mwendo cha trafiki) kwenye vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, elfu thelathini kila moja. Mara zote mbili alikuwa amechelewa kutoka nyumbani.

Kuna swali ambalo mume wake aliniuliza tukiwa tunafunga hesabu: wamepata faida? Kwa hela tupu, hapana. Chumba Vwawa kilikuwa rahisi kuliko mafuta ya wiki moja, na hata kwa kupokezana anatumia karibu 350,000 kwa mwezi, bila oili anayobadilisha kila kilomita 5,000. Alichonunua ni kulala nyumbani siku tano za wiki. Hilo sikuliweka kwenye jedwali, na sidhani ni kazi ya mkaguzi kuliwekea bei.

Mkopo wa SACCOS unaisha mwakani. Nimemshauri aendelee nalo mpaka hapo kisha aliuze likiwa bado linatafutwa, maana namba E zimeshajaa mjini na bei ya namba D haitapanda tena. Yeye anataka kulibakiza na kubadilisha shokapu za mbele. Shokapu tumeshapata, kazi itafanyika Jumamosi.